Mtoto Akizaliwa Nyumbani: Mwongozo kwa Familia, Kuanzia Miezi ya Mwisho hadi Arobaini

Utafiti wa afya ya uzazi wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 81 katika kila 100 walizaliwa kwenye kituo cha afya. Ule wa 2015-16 ulikuwa umeonyesha 63. Tumepiga hatua kubwa, lakini karibu mtoto mmoja katika kila watano bado anazaliwa nyumbani au njiani. Wapo wanaochagua nyumbani kwa hiari. Wengine uchungu umewashika usiku na mto umejaa, au nauli haipo, au ni mtoto wa nne naye kaja mbio kabla bodaboda haijafika.

Msimamo wangu nausema mapema: mwenye uwezo wa kufika kituoni, aende. Nyumba yenyewe haina ubaya wowote kwa mtoto. Kinachoua ni umbali kati ya mzazi na dawa, damu ya kuongezewa na mikono ya mkunga aliyesomea. Ndiyo maana maandalizi ya kujifungulia nyumbani huanzia barabarani, nguo za mtoto baadaye.

Uingereza na Uholanzi, mama mwenye mimba isiyo na hatari anaruhusiwa kupanga kujifungulia nyumbani, na mkunga humfuata huko huko akiwa na oksijeni na dawa za kuzuia damu. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa England uliotolewa mwaka 2011 ulikuta kuwa kati ya wazazi wa mara ya kwanza waliopanga kuzalia nyumbani, 45 hivi katika kila 100 walilazimika kuhamishiwa hospitali. Kwa waliokwisha kuzaa kabla walikuwa kama 12. Hesabu hiyo ni ya nchi ambayo gari la wagonjwa linakuja ukipiga simu. Sasa pimeni na barabara yenu.

Hatua ya 1: Ulizeni kliniki kama mimba hii inaruhusu

Kuna mimba ambazo hazina mjadala, ni za hospitali tu: mwenye kovu la upasuaji wa uzazi, mwenye mapacha, mtoto aliyetanguliza makalio au aliyelala mkingamo, mwenye presha au aliyewahi kupata kifafa cha mimba, mwenye upungufu wa damu, na aliyewahi kutoka damu nyingi baada ya kuzaa. Waongezeni binti mdogo ambaye mwili wake haujakomaa, mzazi wa mara ya kwanza, na mama aliyekwisha kuzaa mara tano au zaidi, kwa kuwa kizazi kilichochoka hakijikazi vizuri na damu humwagika. Uchungu ukianza kabla ya wiki ya 37, hapo pia msikae nyumbani.

Mama anayeishi na VVU naye anahitaji kituo, kwa sababu mtoto wake anapaswa kupewa dawa ya kinga mapema sana baada ya kuzaliwa. Kama mambo yamemkuta nyumbani, dawa hiyo ifuatwe siku hiyo hiyo, bila kungoja kesho.

Kwenye kadi ya kliniki angalieni kundi la damu. Kama kundi hilo lina alama ya hasi (-), mwulizeni mkunga mapema, maana kuna sindano anayoweza kuihitaji ndani ya saa 72 baada ya kujifungua.

Hatua ya 2: Andaeni barabara

Kaeni kikao mimba ikifika miezi minane, mume, mama mkwe na jirani mnayemwamini wote wawepo. Maswali ni machache, lakini kila moja lipate jina la mtu. Nani ana gari au bajaji na atakubali kuamshwa saa nane usiku? Nani ameshika pesa, na ziko wapi? Ndugu gani wawili wako tayari kutoa damu? Watoto wakubwa watabaki na nani?

Swali lililo gumu kuliko yote ni hili: mama akizidiwa na mume yuko safarini, nani ana kauli ya mwisho ya kumpeleka hospitali? Wanawake wengi wamepoteza maisha huku familia ikingoja simu ipokelewe na mwenye uamuzi. Toeni ruhusa hiyo leo, mbele ya watu, ili shangazi au mdogo wa mtu asije kuogopa kulaumiwa.

Tanzania ina namba 115, ya bure, ya mfumo wa m-mama. Ukipiga unaunganishwa na gari la wagonjwa, au na dereva wa jamii aliyesajiliwa pale ambapo gari halipo karibu. Iandikeni ukutani kwa kalamu nene, simu isiyo na salio isiwe kisingizio.

Hatua ya 3: Chumba na vifaa

Fungu moja litoshe, lifungwe ndani ya mfuko safi: mpira wa kujifungulia, glovu, wembe mpya ambao haujafunguliwa kwenye karatasi yake, uzi safi au vibanio vya kitovu, sabuni, pedi, kanga au vitenge sita vilivyofuliwa na kukaushwa juani, kofia ya mtoto, tochi yenye betri nzima, ndoo yenye mfuniko. Maji ya moto yawe kwenye chupa ya chai kwa ajili ya kunawa na kumpa mzazi kinywaji.

Chumba kiwe cha joto kiasi cha mtu mzima kuona karaha kidogo. Fungeni madirisha yanayoleta upepo. Lakini jiko la mkaa lisiingie ndani ya chumba kilichofungwa kwa kisingizio cha kumtia mtoto joto! Moshi wake usioonekana hauna harufu, nao huua mama na mtoto wakiwa usingizini. Joto la mtoto mchanga ni kifua cha mama yake.

Hatua ya 4: Uchungu

Uchungu wa kweli huja kwa mpangilio: unakaza, unaachia, na kila saa inayopita unakaribiana zaidi. Mzazi wa mara ya kwanza anaweza kwenda saa 12 hata zaidi. Aliyezaa kabla huenda haraka, kwa hiyo ukimsikia anasema "anakuja", mwamini.

Mwache atembee, achuchumae, aegemee ukuta, alale kwa ubavu wa kushoto akichoka. Mpe chai na uji mwepesi. Mkumbushe kukojoa kila baada ya saa mbili, kwani kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka na baadaye huzuia kizazi kujikaza. Mgongo wake mkande kwa kiganja, taratibu.

Yapo mambo matatu ambayo wazee wetu huyafanya kwa nia njema, nami naomba yaachwe. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zinaweza kukaza kizazi hadi kikachanika. Kukandamiza tumbo ili mtoto ashuke kunaleta balaa hilo hilo. Na kumlazimisha asukume kabla mwili wake haujaomba kunamchosha bure na kuvimbisha njia.

Ondokeni kwenda hospitali mara moja mkiona lolote kati ya haya: damu inatoka kabla ya mtoto, maji ya chupa ni ya kijani au yananuka, mama ana homa, kichwa kinamuuma sana na macho yanaona giza, anapata degedege, kitovu au mkono au mguu umetangulia, au uchungu mkali umezidi saa 12 mtoto haonekani. Kitovu kikitangulia, mama apige magoti, makalio yake yawe juu na kifua chini, abaki hivyo hivyo hadi kwenye gari. Msijaribu kukirudisha ndani.

Hatua ya 5: Mtoto anatoka

Wewe uliyebaki naye, nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kata kucha kama ni ndefu, vaa glovu. Tandika mpira, juu yake kanga safi. Mtu mmoja akae nyuma ya mzazi amshike mabega. Wengine wote watoke, chumba si ukumbi.

Kichwa kikianza kuonekana na kisirudi ndani, hapo ndipo pa kupunguza kasi. Mwambie kwa sauti ya chini: "Usisukume sasa, mwanangu. Hema kwa mdomo, hema." Weka kiganja chako juu ya kichwa cha mtoto, bila kukizuia na bila kukivuta. Kazi ya mkono huo ni kufanya kichwa kitoke polepole ili mama asichanike.

Kichwa kikitoka, pitisha kidole shingoni. Kama kitovu kimezunguka na kimelegea, kivushe juu ya kichwa. Kisha subiri. Dakika hiyo inaonekana ndefu sana, na mkono hutamani kuvuta, lakini usivute. Uchungu unaofuata utageuza mabega na mtoto atatoka mzima mzima, mwenye utelezi, kwa hiyo mpokee kwa kanga kavu. Angalia saa, kumbuka muda.

Mweke juu ya tumbo la mama yake na umkaushe: kichwa, mgongo, kwapa, miguu, kwa kusugua kwa nguvu kiasi. Tupa kanga iliyolowa, wafunike wote wawili kwa nyingine kavu, mvalishe kofia. Watoto wengi hulia kwa kukaushwa huku tu.

Asipolia wala kuhema, endelea kumsugua mgongoni na umfute mdomo kama una uchafu. Usimning'inize miguu juu, usimpige makofi, usimmwagie maji baridi. Kama bado hahemi baada ya dakika moja, mlaze chali mahali tambarare, shingo iwe sawa bila kuipinda nyuma sana, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, mpulizie pumzi ndogo, ile hewa ya mashavuni tu, ukitazama kifua kinyanyuke. Puliza kama mara 40 kwa dakika, huku mwenzako anapiga 115.

Hatua ya 6: Kitovu

Kitovu hakina haraka. Kiache kwa dakika moja hadi tatu, hadi kiache kudunda, ili damu ya mtoto iliyobaki kwenye kondo imfikie.

Kama kituo kiko karibu na usafiri umeshafika, hamna ulazima wa kukata. Mtoto abaki kifuani, na kondo likitoka lifungwe kwenye mfuko safi kando yake, muondoke hivyo hivyo. Kama kituo kiko mbali, funga uzi kwa nguvu vidole viwili kutoka tumboni, funga tena vidole vinne hivi kutoka tumboni, kisha kata katikati kwa wembe mpya. Tazama ncha iliyobaki kwa mtoto. Ikichuruzika damu, ongeza fundo jingine ndani zaidi.

Baada ya hapo, kitovu kibaki kikavu. Hakuna majivu, kinyesi cha ng'ombe, chumvi, mafuta ya taa, mate wala unga wa mti wowote. Pepopunda ya watoto wachanga hupita hapo hapo. Kama mkunga aliwapa dawa ya klorheksidini ya kitovu, ipakeni alivyoelekeza, na iwekwe mbali na dawa ya macho, maana ikiingia machoni inaumiza vibaya.

Hatua ya 7: Kondo na damu

Sehemu hii isomeni mara mbili. Mtoto ameshalia, vigelegele vimepigwa, jirani ameanza kupiga simu za hongera, na mzazi anavuja damu chini ya kanga bila mtu kumtazama. Hivyo ndivyo vifo vingi vya uzazi hutokea.

Mpe mtoto titi mara moja. Akinyonya, mwili wa mama hukaza kizazi. Kondo lenyewe, yaani zalio, litaachia bila kuvutwa: utaona kitovu kinarefuka na damu inatoka kwa mkupuo, naye atahisi kusukuma. Achuchumae, akojoe, alisukume. Msivute kitovu hata kidogo, na msimtapishe kwa kumtia mwiko kooni. Lisipotoka ndani ya dakika 30, au damu ikizidi kabla halijatoka, ni safari ya hospitali.

Likitoka, litieni kwenye ndoo yenye mfuniko mwende nalo kituoni. Mkunga ataligeuza na kutazama kama limetimia, kwa sababu kipande kidogo kikibaki ndani huleta damu au usaha siku kadhaa baadaye. Mkitaka kulizika kama ilivyo desturi yenu, ombeni mrudishiwe.

Sasa weka mkono chini ya kitovu cha mama, papasa tumbo. Kizazi kilichojikaza utakisikia kama chungwa gumu chini ya vidole. Kikiwa laini, au hukipati kabisa, kisugue kwa mzunguko hadi kikaze, kisha rudia kukipapasa kila baada ya dakika 15 kwa saa mbili za mwanzo.

Damu ipimeni kwa macho makini. Nusu lita, yaani ile chupa ndogo ya maji, ikitoka, ni nyingi mno. Tatizo ni kwamba kanga hunywa damu na kuficha kiasi chake. Kwa hiyo kila mkibadilisha kitambaa, msikitupe pembeni; kiwekeni mbele ya macho, mhesabu. Pedi ikilowa chapa ndani ya dakika tano, mabonge yakitoka, au damu ikichuruzika taratibu bila kukoma, msingoje. Vivyo hivyo mzazi akianza kutoka jasho baridi, kiu, kizunguzungu au kusema ovyo.

Piga 115. Mlaze chali, miguu juu, mfunike. Endelea kusugua kizazi, mtoto aendelee kunyonya, mama akojoe hata akiwa amelala. Kama mhudumu wa afya aliwapa vidonge vya misoprosto kwa ajili ya kuzuia damu, hutumika alivyoagiza, na ni baada ya mtoto kutoka, kamwe si kabla, na mhakikishe hakuna pacha mwingine tumboni. Damu ya aina hii inaweza kumaliza uhai ndani ya saa mbili, kwa hiyo kumngoja mume arudi na pesa hakumo kwenye mpango.

Hatua ya 8: Saa ya kwanza, na safari ya kituoni

Kwa saa nzima mtoto abaki ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama. Familia za Kiislamu zinaweza kumwadhinia hapo hapo alipo; sala ya shukrani pia haihitaji aondolewe. Maziwa ya mwanzo, mazito ya njano, ndiyo chakula na kinga yake, yasikamuliwe na kumwagwa. Maji ya sukari, asali na maji ya zabibu havihitajiki. Kumwogesha kusubiri saa 24.

Siku hiyo hiyo, hata wote wawili wakiwa wazima, waendeni kituoni. Mtoto atapimwa uzito, atachomwa vitamini K na chanjo ya kifua kikuu, atapewa matone ya polio na dawa ya macho. Mama atapimwa presha, ataangaliwa kama amechanika, na kondo litakaguliwa.

Najua familia nyingi hukwepa safari hii kwa kuogopa kufokewa: "Mlikuwa wapi? Kwa nini mmezalia nyumbani?" Nawasihi nesi wenzetu wapunguze maneno hayo, kwani mama aliyefokewa leo hatarudi kesho. Nanyi familia, nendeni tu. Elezeni saa aliyozaliwa, damu mliyoiona, nani alimpokea na kwa kifaa gani. Maelezo hayo ni msaada mkubwa kwa mkunga anayejua kusikiliza.

Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita.

Hatua ya 9: Arobaini

Mila yetu ya kumweka mzazi ndani siku arobaini, akapikiwa na kufuliwa, ni hazina. Uholanzi serikali na bima zimepanga msaidizi wa kumhudumia mzazi nyumbani kwa siku kama nane. Sisi tuna mama, wifi na shangazi. Uji wa ulezi, supu ya kuku, mtori kwa Wachagga, samaki kwa watu wa pwani, vyote ni vizuri. Msimnyime mboga za majani, matunda na maji kwa kudai vitamletea mtoto tumbo. Kumkanda kwa maji ya moto ni sawa kwa mgongo na miguu, lakini maji yawe ya kustahimilika, na sehemu aliyochanika isimwagiwe maji yanayounguza.

Wageni wanawe mikono, mwenye kikohozi apige simu tu. Usiku wa kwanza na wa pili mtu mzima alale chumba kimoja na mzazi.

Mtoto apelekwe haraka akikataa kunyonya, akihema mbio zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kikibonyea ndani, akiwa wa moto au wa baridi, akilegea, akipata degedege, viganja na nyayo zikiwa za njano, au kitovu kikiwa chekundu na chenye usaha. Mama apelekwe akitokwa damu upya, akiwa na homa, uchafu wenye harufu, maumivu ya mguu mmoja uliovimba, au kichwa kikali na kuona mawenge, kwani presha na kifafa vinaweza kuja hata baada ya kuzaa. Akilia kila siku, halali hata mtoto akilala, au anasema hamtaki mwanawe, hilo ni la hospitali pia. Asisemwe kuwa anadeka.

Limebaki la cheti. Tanzania kuzaliwa kwa mtoto kunapaswa kutolewa taarifa ndani ya siku 90. Aliyezaliwa nyumbani mwandikisheni kwenye kituo cha kliniki ya mama na mtoto au ofisi ya mtendaji wa kata. Nendeni na kadi ya kliniki, na majina ya wazazi yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, kwa sababu kuyasahihisha mtoto akifika umri wa shule kunachukua muda na pesa.